Nilivyojifunza taroti kwa karata za kuchapa Nasser Road

Karata zangu za taroti, zile za picha ambazo watu huzitumia kusoma mambo ya maisha, sikuzinunua. Nilizichapa mwenyewe hapa Nasser Road, Kampala, kwenye mashine ileile inayotoa kadi za harusi, kalenda za makanisa na mabango ya wagombea ubunge. Ukiagiza kutoka nje kuna bei ya karata, kuna bei ya kuzisafirisha, halafu kuna forodha. Sisi wa mtaa huu tukiona kitu cha karatasi hatuulizi kinauzwa wapi, tunauliza ni gramu ngapi, yaani uzito wa karatasi yake.

Kazi hiyo ililetwa na dada mmoja wa Kenya anayeishi huku, msomaji wa karata wa siku nyingi. Alikuwa na picha zote 78 kwenye flashi, zile alizochora Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, zikatolewa London mwaka 1909. Nikamwuliza habari ya hakimiliki. Akanijibu kama wakili: Waite alifariki 1942, Smith 1951, na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda kazi ya msanii kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Muda umeshapita zamani. Nikamwambia, basi tuchape.

Karata moja ni sentimita 7 kwa 12, kwa hiyo karatasi ya A3 inabeba 12, na seti nzima inataka karatasi 7. Kwenye ile ya mwisho zinabaki nafasi 6. Nikazijaza kadi zangu za biashara, hasara ya nini. Shida ilikuwa mgongo wa karata. Nilikuwa nimechora ua zuri linalotazama juu. Dada akalikataa hapohapo: mgongo lazima uwe sawasawa ukiugeuza juu chini, la sivyo mtu akichanganya karata ataijua iliyopinduka kabla hajaifunua. Na ukataji nao vilevile. Karata iliyozidi wenzake kwa unywele tu, kidole kitaizoea, na kila ukichanganya utaikamata bila kujua. Nilichora mgongo mwingine wa miraba, nikachapa kwenye kadi ya gramu 300, nikalamineti bila mng'aro, nikapeleka kwa gilotini.

Mzee wetu wa gilotini ni mlokole. Alikata karatasi za kwanza kimya kimya, akafika kwenye ile yenye karata ya 15, Shetani mwenye pembe na mabawa ya popo, na watu wawili wamefungwa minyororo shingoni. Akasimamisha mashine.

"Dada, hiyo igeuze. Nitakata, lakini sitaiangalia."

Nikaigeuza, akaikata kwa mgongo, na mpaka leo karata ile imepinda kidogo upande wa kushoto. Simlaumu. Mchungaji wake atamsomea Kumbukumbu la Torati 18, panapokatazwa uaguzi, na sisi tuliolelewa kwenye Uislamu tunaijua Al-Maida aya ya 90, panapotajwa mishale ya kupigia ramli pamoja na pombe na kamari. Anayetaka kujifunza taroti Uganda ajue mapema kwamba hilo litamfuata mpaka nyumbani, na afadhali awe na jibu lake mwenyewe kuliko kujificha. Jibu langu ni kwamba mimi sipigi ramli. Natazama picha na mtu, tunazungumza. Mama yangu halimtoshi jibu hilo, lakini angalau tunaongea.

Nilipochapa seti ya dada, nilichapa na yangu.

Nimekulia kambini Jinja. Baba alikuwa askari, na kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya paredi, ya dukani na ya kugombezwa. Kilikuwa pia lugha ya matatu, na ninasema ule mchezo wa karata, maana jirani zetu wa Kenya wakisikia jina hilo wanatafuta kiti cha dirishani. Ukitupiwa mbili, unaokota mbili. Ukiwa na Ace unabadilisha. Maafande walicheza jioni wamekalia makreti ya soda, nasi watoto tukajua karata kabla ya kujua kugawanya. Basi dada aliponipangia karata ndogo 56 mezani, niliona kitu ninachokifahamu. Vikombe ni kopa. Panga ni shupaza. Fimbo ni pau. Sarafu ni uru. Kila ukoo una moja mpaka kumi, kisha watu wanne badala ya watatu, kwa sababu kati ya Mfalme, Malkia na Mtumishi amewekwa Mpanda Farasi. Juu ya hizo ndipo zinakuja karata kubwa 22, kuanzia Mpumbavu mwenye namba 0 mpaka Ulimwengu wenye 21.

Undugu huo si wa bahati. Taroti ilianza kama mchezo. Katika karne ya 15, huko kaskazini ya Italia, mabwana wa Milano na Ferrara walikuwa wakicheza kwa karata zilizopakwa dhahabu, na zile kubwa kazi yake ilikuwa kuzila nyingine. Mambo ya siri na unabii yalikuja baadaye sana. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba karata hizi ni mabaki ya hekima ya makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Maandishi ya Misri yenyewe yalikuwa bado hayasomeki. Mfaransa mwingine, Champollion, alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Hadithi hiyo hata hivyo bado inatembea kwenye simu za watu, na nakiri inavutia, hasa kwa sisi tuliooga kwenye Nile pale Jinja inapotokea ziwani. Ningependa iwe kweli. Si kweli.

Kwa anayeanza, mtu wa kumshukuru ni Pamela. Karata nyingi za kabla yake, zile ndogo hazikuwa na hadithi: vikombe vitano vilikuwa vikombe vitano tu, kama uru tano ya matatu. Yeye akachora kila moja iwe na watu, mahali na jambo linalotokea. Alizaliwa London, akakaa Jamaica utotoni, na mwaka 1899 alitoa kitabu cha ngano za huko za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari na watumwa kutoka Afrika Magharibi, mwenzake sungura wetu. Ukijua alikuwa msimulizi wa ngano, picha zake zinaeleweka zaidi. Alipomaliza karata alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz kwamba amefanya kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Niliposikia hilo nilicheka peke yangu ofisini. Nani wa Nasser Road asiyeijua kazi ya aina hiyo? Tofauti ni kwamba yeye alitia alama ya jina lake kwenye kona ya picha, na ipo mpaka leo. Kadi zangu za harusi hazina alama yangu hata moja.

Somo la kwanza lilikuwa la kunyamaza. Nilikuwa nimepakua orodha ya maana zote 78, nikaanza kukariri kama mtoto anayejiandaa na mtihani wa darasa la saba. Dada akaniambia niifunge simu. Akaweka Sita ya Panga mezani.

"Usiniambie ulichosoma. Niambie unachoona."

Mtumbwi. Mwanamume amesimama nyuma, anasukuma kwa pondo. Mbele yake mwanamke amejitanda kichwa mpaka uso hauonekani, ubavuni ana mtoto. Panga sita zimechomekwa wima kwenye mtumbwi. Maji ya upande mmoja yana mawimbi, ya upande wa pili yametulia. Wote wametupa mgongo.

"Sasa uliza kitu."

Nikauliza: hizo panga zikichomolewa, mtumbwi hautavuja?

Akacheka, akasema hapo ndipo nimeanza kusoma. Orodha yangu ilikuwa imeandika "safari, kuhama, nafuu inakuja". Lakini mimi ni mtoto wa kambi. Nimehama kwa lori la jeshi usiku, mama amekumbatia jiko la mkaa lenye majivu bado, hakuna anayesema tunakokwenda kutakuwaje. Huyo mama mwenye ushungi namjua. Anahama na panga zake zote, kwa sababu ndizo zinazoziba matundu. Maana hiyo haikuwemo kwenye orodha, na sijaisahau wala sikuikariri.

Tangu hapo njia yangu imekuwa moja. Asubuhi kabla ya wateja navuta karata moja, nasema kwa sauti ninachokiona, kwa Kiswahili cha kawaida, kama ninayemweleza mtu aliye upande wa pili wa simu. Nani yumo? Anatazama wapi? Mikono inafanya nini? Kuna nini nyuma yake ambacho hakioni? Baada ya hapo ndipo nafungua orodha, na mara nyingi tunakutana njiani. Mengine ya Uingereza yanabaki ya Uingereza. Tano ya Sarafu ina maskini wawili wanapita kwenye theluji, mmoja kwa magongo, chini ya dirisha la kanisa lililowashwa taa. Theluji tuliyo nayo Uganda iko juu ya Rwenzori na hakuna anayepita huko akienda kuomba. Lakini dirisha lenye mwanga, na watu wanaolipita bila kubisha hodi, hilo halihitaji mkalimani. Au labda walibisha. Picha haisemi, na mtu unayemsomea ndiye atakayekuambia walibisha au hawakubisha.

Karata zilizopinduka, zile zinazotoka juu chini na kusomwa kwa maana nyingine, niliziweka pembeni muda mrefu. Wengine watakuambia bila hizo hujasoma. Mimi naona anayeanza ana picha 78 za kutosha kabla ya kuzifanya 156. Vivyo hivyo mpangilio wa msalaba wa karata kumi, ambao Waite mwenyewe aliueleza na kila mtu mtandaoni anaukimbilia. Karata kumi kwa anayeanza ni kelele. Tatu zinatosha: hali ilivyo, kinachozuia, na kinachoweza kufanyika. Ile ya yaliyopita, yaliyopo na yajayo siitumii, kwa sababu mtu akisikia "yajayo" anaacha kufikiri, anakaa kusubiri.

Na hapa ndipo penye uzito. Mtaani kwetu hakuna anayekuja kukuuliza "nijitambue vipi". Wanauliza nani. Nani kaiba, nani ananionea wivu, nani kanifunga nisipate mume. Ndivyo waganga walivyotuzoesha, na anayelipa anataka jina.

Mama mmoja anayeuza vitenge ghorofa ya chini alikuja jioni, kapotelewa na mzigo. Akakaa, akasema, "Dada, nataka unitajie." Nikamwambia karata hazina majina ya watu, na hata zingekuwa nayo nisingetaja. Hakuna asiyejua kinachompata anayeitwa mwizi mtaani kabla polisi hawajafika. Huyo binti wa dukani kwake, au yule kijana mbeba mizigo, angepigwa kwa neno langu na kwa kipande cha kadi ya gramu 300. Tukabishana kidogo. Mwisho akakubali tuulize hivi: nifanye nini kuhusu duka langu?

Karata ya kwanza ikatoka Saba ya Panga. Picha yenyewe: mwanamume ananyata kutoka kambini, amekumbatia panga tano, anatazama nyuma huku anatabasamu.

"Si huyo hapo!" Mama akaipiga karata kwa kidole. "Mrefu, mwembamba! Namjua!"

Nilimshika mkono. Hakuna kitu cha hatari kwa msomaji kama karata inayofanana mno na swali. Nikamwomba aitazame tena aniambie kitu kingine kilichomo mbali na yule mtu. Alichukua muda. Akasema kuna panga mbili zimeachwa, zimesimama. Nikamwuliza, kwako kimebaki nini? Akaanza kuhesabu kwa sauti: vitenge vya rafu ya juu, mashine ya kushonea, daftari la madeni. Na mahema haya nyuma yake, yako wazi? Yako wazi, akasema, hakuna aliyelinda. Na wewe nani analinda, funguo ziko kwa nani? Akanyamaza. Kisha akasema kufuli la duka ni lile alilolikuta, la mpangaji aliyemtangulia.

Kesho yake alinunua kufuli jipya. Mwizi hakujulikana. Aliwaambia watu ghorofa nzima kwamba karata zangu zinaona, na nikashindwa kuwaeleza kwamba habari ya kufuli ilitoka kinywani mwake.

Mambo ya "zinaona" yana historia yake. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja majibu yake akimwomba ayape alama kuanzia 0 mpaka 5 jinsi yanavyomwelezea. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi moja ileile, sentensi alizozikusanya kwenye kitabu cha nyota: una uwezo mkubwa ambao hujautumia, nje unaonekana imara lakini ndani una wasiwasi, na mengine ya namna hiyo. Niliposoma habari hiyo nilianza kujisikiliza ninapomsomea mtu. Nikijikuta nasema sentensi ambayo ingemfaa yeyote anayesubiri taksi pale Old Taxi Park, naimeza. "Umepitia magumu." Nani Kampala hajapitia magumu? Bora kuuliza swali dogo lenye jibu kuliko kutoa jibu kubwa lisilo na mtu ndani.

Ugonjwa sigusi. Mtu akija na uvimbe au homa isiyoisha namwambia aende kituo cha afya, na ikibidi nampa nauli ya boda. Karata hazipimi malaria. Mimba, virusi, mtoto ni wa nani: hapana. Kesi mahakamani: hapana. Orodha yangu ya hapana inazidi kurefuka kadiri ninavyosoma, na dada ananiambia yake ni ndefu zaidi.

Kuhusu karata ya Kifo. Watu wanaiogopa kabla ya kuiona, na wasomaji wengi wanakimbilia kusema "usiogope, haimaanishi kifo" mtu akiwa hata hajaitazama. Sipendi hivyo. Ni kama kumfunga mtu mdomo. Kijana wa boda wa stejini kwetu aliivuta mara mbili ndani ya mwezi mmoja akataka kuacha kuendesha. Kwanza tulifanya hesabu: karata tatu kati ya 78, uwezekano wa Kifo kuwamo ni 1 kati ya 26 kila unapovuta. Mtu anayekuja kwangu kila akikosa abiria ataiona, na atakutana na karata ya Jua vilevile. Kisha nikamwachia picha. Mifupa iliyovaa deraya juu ya farasi mweupe, bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Mfalme ameshaanguka, taji liko chini. Askofu anaomba. Mwanamke amegeuza uso. Mtoto mdogo amepiga magoti, yeye peke yake anamtazama mpanda farasi bila woga. Kwa mbali jua kati ya minara miwili.

"Farasi haendi mbio," akasema.

Kweli, haendi mbio. Akaniambia pikipiki si yake, mkopo unaisha baada ya Ramadhani, na hajui atafanya nini akishakuwa huru, maana miaka yote amekuwa akiamka kwa ajili ya deni. Tulizungumza hilo mpaka mvua ikaisha. Bado anaendesha, na sasa anavaa kofia ngumu, jambo ambalo hakuna karata iliyomwambia, nilimwambia mimi.

Pesa sitozi. Wengine wanatoza na siwahukumu, ni kazi yenye kuchosha. Lakini nina kazi inayonilisha, na nimeona kwamba mtu akilipa anataka kitu cha kuondoka nacho, nami nitaanza kukitengeneza hata kama hakipo. Wakininunulia rolex ya mayai mawili nakula.

Kinachonishinda mpaka sasa ni zile karata 16 za watu. Fimbo tisa naweza kuzisoma, lakini mtu aliyekaa kwenye kiti akikutazama tu, nimwulize nini? Dada alinishauri niwape sura za watu ninaowajua, na kazi inaendelea polepole. Mfalme wa Panga ni afande mmoja rafiki ya baba, aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa kambi nzima bila kupandisha sauti, na hakuna aliyethubutu kumwomba chai. Malkia wa Sarafu nimempata soko la Owino, anauza mashuka ya mitumba, anajua bei ya kila kitu na jina la kila mtoto. Mpanda Farasi wa Fimbo ni boda yeyote wa Kampala saa kumi na moja jioni. Ananisumbua Mtumishi wa Vikombe, kijana wa kilemba cha buluu anayezungumza na samaki aliyetoa kichwa kwenye kikombe chake. Mzee wa gilotini ndiye pekee aliyenipa wazo, tena bila kuigusa karata: anasema huyo ni fundi wetu mpya wa kompyuta, yule anayeiongelesha printa inapokwama.